Wakala, Dereva na Msalaba wa Shaba: Saa Chache katika Makumbusho ya Lubumbashi

Hatukwenda katikati ya mji kutazama sanaa. Tulikwenda kufuata sahihi moja ya hati ya shehena, na ofisi iliyopaswa kuitoa ikatuambia kwamba mwenye kuitia amepata dharura, turudi baada ya saa nane mchana. Mimi ni wakala wa forodha hapa Lubumbashi, katika eneo la Katanga, kusini mashariki mwa Kongo. Kazi yangu ni kuandika matamko ya bidhaa zinazotoka na zinazoingia, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ninachokiandika ni neno lile lile, shaba. Mwenzangu asubuhi ile alikuwa dereva wa lori kutoka Tanzania, Msumbwa wa pande za Bukombe, mtu mpole mwenye maswali mengi, aliyefuatana nami kwa sababu kukaa peke yake kwenye foleni ya malori kulikuwa kumemchosha. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, mgahawa wa karibu ulikuwa umejaa, na makumbusho yalikuwa hatua chache mbele yetu. Tukaingia.

Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi yako jirani na Jengo la 30 Juin, lililojengwa miaka ya 1950 kuwa ukumbi wa tamthilia wa Élisabethville, kama mji huu ulivyoitwa tangu ulipoanzishwa mwaka 1910, na ambalo siku hizi ndilo makao ya bunge la mkoa. Asili ya makumbusho yenyewe ni mikusanyo ya Francis Cabu, Mbelgiji aliyependa kuchimbua mabaki ya kale. Wakati wa ukoloni yalibeba jina la mfalme Léopold II wa Ubelgiji, na miaka ya 1970 yakaingia chini ya taasisi ya makumbusho ya taifa zima. Si makumbusho ya sanaa peke yake. Mawe ya madini, mabaki ya kiakiolojia, vyombo vya nyumbani, barakoa, sanamu na michoro vyote vinakaa chini ya paa moja. Wapo wanaouona mchanganyiko huo kuwa upungufu. Sisi ulitufaa, kwa sababu ulituwezesha kutoka kwenye jiwe la kijani hadi kwenye mchoro wa ndege bila kuachana na habari moja.

Nilikuwa nimewahi kuingia humo nikiwa mtoto wa shule, pamoja na darasa zima, tumepangwa mistari, mwalimu akisoma maelezo na sisi tukinakili. Ziara ya namna ile ina faida yake, ila humzoeza mtu kuangalia kadi kabla ya kitu, na mara nyingi kadi tu. Safari hii hatukuwa na daftari wala ratiba. Tulikuwa na kazi zetu tu vichwani, na kazi ya wakala wa forodha, ukiitazama vizuri, ni moja: kulinganisha karatasi na mzigo. Karatasi inasema hiki, mzigo unaonyesha kile, na pale visipopatana ndipo penye habari. Sikujua kwamba zoea hilo linaweza kutumika mahali pengine zaidi ya ghala na mpaka.

Tulizunguka mara ya kwanza haraka haraka, kama wafanyavyo wageni wote, na sioni ubaya wake. Mtu lazima ajue nyumba ina vyumba vingapi. Kilichotusimamisha katika mzunguko wa pili kilikuwa msalaba wa shaba. Maelezo yaliandikwa kwa Kifaransa, nami nikamtafsiria mwenzangu: jina la kitu, mahali kilipotoka, madini yaliyotumika. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na uzito wake, dada?"

Hapakuwa na uzito. Makumbusho hayalazimiki kuuandika, na kadi haiwezi kubeba kila kitu, lakini swali lile lilikuwa la mtu anayepitishwa juu ya mizani kila safari, nalo lilifungua mengine yote. Mzee aliyekuwa zamu ukumbini alitusikia, akasogea. "Mama," akaniambia, "misalaba haikuwa na uzito mmoja. Ilitegemea wakati na mahali." Ndivyo ilivyo. Shaba ya Katanga iliyeyushwa na kumiminwa katika umbo la msalaba karne nyingi kabla ya kampuni ya Kibelgiji ya madini, Union Minière du Haut-Katanga, kuundwa mwaka 1906. Katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, hasa pale Sanga, walipochimba Jacques Nenquin na Jean Hiernaux mwishoni mwa miaka ya 1950 na baadaye Pierre de Maret katika miaka ya 1970, misalaba ilikutwa pamoja na mifupa ya wafu. Ya zamani zaidi ni mikubwa na michache. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo, mingi, yenye vipimo vinavyokaribiana, nayo ilikutwa kwenye mikono na viuno vya marehemu, pale pale ambapo mtu hufunga fedha zake. Kutokana na mfuatano huo wachunguzi walifahamu kwamba kilichoanza kuwa alama ya hadhi kiligeuka fedha ya kununulia vitu vya kawaida.

"Basi hii ilikuwa noti," akasema dereva.

"Noti kubwa," mzee akamjibu, "na midogo ndiyo chenji."

Tulisimama mbele ya msalaba ule muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mwenzangu hubeba kathodi, mabamba ya shaba karibu safi kabisa, yaliyofungwa mafungu kwa mikanda ya chuma, tani 30 hivi kwa safari moja. Hakuna anayeutazama uso wa kathodi. Mnunuzi anataka uzani, afisa anataka lakiri isiyovunjwa, nami nataka nambari ya kila fungu ilingane na orodha. Msalaba ule, kinyume chake, una uso wa kutazamwa: upande mmoja umekunjamana kama shaba inavyokunjamana ikipoa hewani, na mikono yake minne haikulingana kwa urefu, maana aliyechora umbo lile kwenye kalibu alilichora kwa mkono, siku moja, mahali fulani. Katika kazi yangu tofauti ndogo za namna hiyo ni matatizo ya kuandikiwa maelezo. Pale ndani zilikuwa ushahidi kwamba kulikuwa na mtu.

Mzee alitueleza kazi yenyewe ilivyokuwa, kama ilivyosimuliwa na wayeyushaji wa mwisho mwanzoni mwa karne ya 20. Ilifanywa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, ardhi ikiwa kavu na mikono ikiwa huru. Malakiti, lile jiwe la kijani ambalo watoto wa hapa huliokota bila kushangaa, ilichimbwa na kuchaguliwa. Tanuri zilijengwa kwa udongo wa vichuguu, ambao hustahimili moto. Mkaa ulichomwa kwa miti migumu. Kisha mivukuto ya ngozi za swala ikapulizwa hadi shaba ikatiririka. Mkuu wa kazi alikuwa na siri zake na dawa zake, na si kila mtu aliruhusiwa kusogea. Mtu anayeishi Lubumbashi, mji uliozaliwa kwa sababu ya tanuri la Union Minière lililoanza kufanya kazi mwaka 1911, na ambaye kila siku anaona bomba la moshi na mlima mweusi wa takataka za shaba vikiwa alama ya mji, huwa rahisi kwake kudhani kwamba moto wa kwanza uliwashwa na kampuni. Watu wa Katanga iliyojitangazia uhuru wake mwaka 1960 hawakusahau: waliweka misalaba mitatu ya shaba kwenye bendera yao. Bendera ile ina habari zake nyingine, chungu, na sitaziingia hapa.

Mzee akamuuliza mwenzangu kwao ni wapi. Aliposikia Usumbwa, akacheka, akamwambia, "Basi, papa, umekuja kwa ndugu zako." Dereva alidhani ni maneno ya ukarimu. Hayakuwa ya ukarimu tu. Katikati ya karne ya 19, Ngelengwa, mwana wa mfanyabiashara wa misafara aitwaye Kalasa, alitoka Usumbwa akaja kukaa nchi hii, akajenga mji wake Bunkeya, akawa Msiri, mtawala aliyeogopwa kuliko wote katika eneo la Katanga. Baba yake alikuwa amekwisha kutangulia kuja huku kutafuta shaba. Chini ya Msiri, shaba, pembe za ndovu na watumwa vilikwenda mashariki hadi Tabora na pwani, na magharibi hadi Benguela, pwani ya Angola, na huko kote zilirudi bunduki, baruti na vitambaa. Nalitaja neno watumwa makusudi, kwa sababu huku kwetu tunapenda kumkumbuka Msiri kwa kifo chake, alipopigwa risasi na kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Léopold II, tarehe 20 Desemba 1891 kwa kukataa kuweka nchi yake chini ya mfalme huyo, kuliko kukumbuka waliofungwa kamba na kupelekwa sokoni. Bayeke, wazao wa wale waliokuja naye, wapo Bunkeya hadi leo na mwami, yaani mtemi wao. Ni wao waliosambaza huku ufundi wa kuvuta nyaya nyembamba za shaba na kuzizungusha kuwa vikuku.

Nilitegemea mwenzangu aseme jambo la kujivunia. Akakaa kimya akipiga hesabu. Mpagazi wa msafara, alisema, babu zake walisimulia kwamba alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo. Lori lake linabeba tani 30. Kwa hiyo mzigo wake mmoja, anaoupeleka Dar es Salaam kwa karibu kilomita 2,000 kupitia Kasumbalesa, Ndola, Nakonde na Tunduma, ungehitaji wapagazi wapatao elfu moja. "Na chakula cha watu elfu moja njiani," akaongeza, "na maji, na mahali pa kulala, na wagonjwa." Baada ya hesabu hiyo msalaba ulibadilika machoni pangu. Kila kilo ya shaba iliyofika pwani ilikuwa imepanda juu ya bega la mtu fulani, na bei yake lazima ilikuwa na bega hilo ndani yake. Hakuna kadi ya makumbusho inayoweza kuandika hivyo, wala hatukuhitaji iandike. Ilitosha kwamba kitu kilikuwepo na kwamba mtu mwenye kazi inayohusika alikuwa amesimama mbele yake.

Tangu hapo tukawa na desturi. Mbele ya kila kitu tulichokichagua, na tulichagua vichache sana, tulisoma karatasi kwanza, kisha tukautafuta mzigo: kilitoka wapi kwenda wapi, kilibebwaje, kimechakaa wapi, na nani aliyekitengeneza. Swali la kuchakaa lilikuwa langu. Ghalani ninajua mashine iliyotumika hata ikipakwa rangi mpya, kwa kutazama mahali mkono au mkanda unapopita. Waluba na majirani zao walichonga mito ya mbao ya kulalia, ambayo iliinua kichwa juu ya mkeka ili msuko wa nywele usiharibike usiku, na misuko yenyewe ilikuwa kazi ya siku nyingi. Mto wa namna hiyo uliotumika kweli hujulikana: pale shingo ilipokaa mti unang'aa kama mpini wa jembe la zamani, na pembeni, ambako hakuna ngozi iliyogusa, umebaki mkavu. Ukiona hivyo, huoni tena pambo. Unaona mtu amelala.

Swali hilo hilo, hata hivyo, linaweza kumpoteza mtu asipokuwa mwangalifu, na nilifurahi mzee alipotuonya. Viti vya kifalme vya Waluba, vile ambavyo mwanamke aliyechongwa kwa mti hushikilia kiti kwa kichwa na mikono yake, mara nyingi havikuwa vya kukaliwa. Vilitunzwa vimefungwa kwa kitambaa cheupe, vikiwa makao ya roho ya mtawala zaidi ya makalio yake, na vilitolewa kwa nadra. Kiti ambacho hakikuchakaa si lazima kiwe kipya au bandia. Huenda kilithaminiwa kiasi cha kutoguswa. Ndivyo ilivyo pia kwa lukasa, ubao wa kumbukumbu wenye shanga na vipande vya chuma ambao wajuzi wa chama cha mbudye waliusoma kwa ncha za vidole huku wakisimulia nasaba za wafalme, safari zao na mahali patakatifu. Huo uliguswa, lakini na wachache, na kwa namna moja tu. Uchakavu ni ushahidi. Tafsiri yake inahitaji mtu anayejua.

Swali la nani aliyetengeneza lilikuwa gumu kuliko yote. Kwenye tamko la forodha haiwezekani kuacha wazi nafasi ya mtumaji. Mfumo wenyewe utakukatalia. Katika sanaa ya kale ya nchi yetu nafasi hiyo iko wazi karibu kila mahali, si kwa sababu wachongaji hawakuwa na majina, bali kwa sababu waliochukua kazi zao hawakuuliza. Kuna mchongaji, au karakana, ya Waluba-Shankadi ambaye mito yake ya kulalia inatambulika mara moja kwa nywele zinazoporomoka ngazi kwa ngazi nyuma ya vichwa vya sanamu. Wataalamu wa Ulaya, walipokosa jina, walimwita fundi wa msuko wa maporomoko. Ni jina zuri. Lakini mtu aliyekuwa na mkono ule hakuliitika hata siku moja.

Na hapo, bila kutaka, nikarudi kwenye kazi yangu yenyewe. Nilimuuliza mzee, nusu kwa utani, hati za kusafirishia nje vitu vya zamani zingekuwa wapi. Yeye hakucheka. Akatusimulia habari za Lusinga, mkuu wa Watabwa, upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyevuka ziwa kutoka Karema, ambayo sasa ni Tanzania, akajenga kituo Mpala, aliwatuma watu wake mwezi Desemba 1884 wakamshambulia Lusinga, wakamkata kichwa. Fuvu lilikwenda Brussels. Sanamu ya mti iliyokuwa yake nayo ilichukuliwa, na hatimaye ikawa mali ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ambako watu wameisifu kwa uzuri wake kwa miongo mingi. Mwenzangu, aliyewahi kupeleka unga Karema, alirudia jina la mahali hapo kwa sauti ya chini. Nami nilifikiria safu za tamko langu: bidhaa, sanamu moja, thamani, namna ya kupatikana. Safu ya mwisho haipo kwenye karatasi zetu. Labda ingefaa iwepo.

Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilirudisha Kinshasa vitu 114, na mwezi Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alimkabidhi rais Félix Tshisekedi barakoa ya Kakungu ya Wasuku, siku chache kabla ya kuja hapa Lubumbashi. Lakini barakoa hiyo ilikabidhiwa kwa mkopo usio na ukomo. Wenzangu wa forodha waliposikia habari ile redioni walitazamana. Tunao utaratibu wa kuingiza kitu nchini kwa muda, na unadai tarehe ya kukirudisha. Mkopo usio na tarehe, wa kitu kilichotoka kwako, unaorudishwa kwako, hatukujua tungeuandika katika fomu gani. Mwaka huo huo bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria kuhusu mali zilizochukuliwa kati ya 1885 na 1960, inayofungua njia ya kurudisha umiliki wenyewe, na hilo angalau ni lugha ambayo wakala anaielewa.

Tulipofika kwenye michoro, mwenzangu alichangamka. Samaki, ndege, nyoka na swala waliojipanga katika uwanja wa rangi moja, kila unyoya na kila gamba limechorwa kwa uvumilivu, pasipo kivuli wala umbali. "Hizi ni Tingatinga!" akasema, kwa furaha ya mtu aliyekutana na jirani ugenini. Nilimwambia kwamba hesabu ya miaka inakwenda upande mwingine. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na akafariki mwaka 1972. Huku kwetu, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alikuwa amefungua karakana yake iitwayo Hangar mwaka 1946, akakataa kuwafundisha vijana kuiga picha za Ulaya, akawaambia wachore walichokijua. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa 1914, alichora viumbe vya majini na vya mwituni wakilana na kulindana. Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa 1925, alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyobanana. Bela, aliyetoka Chad, alipaka rangi kwa ncha za vidole. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954 wachoraji wake walihamia katika shule ya sanaa iliyoanzishwa hapa na Laurent Moonens, na mtindo ukaendelea, mpaka leo kuna wanaouchora na kuuza.

Dereva hakukubali kirahisi kwamba Tingatinga ana watangulizi Lubumbashi. Inasemwa, nikamwambia, kwamba michoro ya Wakongo ilikuwa ikiuzwa Dar es Salaam katika miaka hiyo, na kwamba Tingatinga huenda aliiona. Wengine wanapinga, wakitaja michoro ya kuta za nyumba za kwao kusini mwa Tanzania. Alifikiri kidogo, akasema jambo ambalo bado nalikumbuka: kama shaba ilipita, na nyimbo zilipita, kwa nini picha zisipite? Yeye mwenyewe amewahi kubeba katika kibanda cha lori, nyuma ya kiti, picha ambayo rafiki yake alinunua Ndola. Hakuna afisa aliyeuliza.

Kitu kimoja hatukukikuta, na sikutegemea kukikuta: picha za sebuleni. Nililelewa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, na ukutani kwetu, juu ya redio, kulikuwa na mchoro wa gereza la wakati wa Wabelgiji, mfungwa amelazwa chini anachapwa, askari amesimama, Mzungu na kiko chake anatazama, na wanawake pembeni wameleta chakula. Nyumba nyingi zilikuwa nao, au zilikuwa na mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki anayeleta utajiri kwa masharti. Picha hizo ziliitwa ukumbusho, ziliuzwa kwa bei ambayo mshahara wa mgodi uliweza, na mishahara ilipokufa nazo zikatoweka kutani. Bingwa wa kazi hiyo, Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora kati ya 1973 na 1974 mfululizo wa picha 101 za historia ya Zaire, kuanzia zama za kale hadi kifo cha Lumumba na baada yake, huku akimsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian kwa Kiswahili maana ya kila moja. Sehemu kubwa ya mfululizo huo iko Amsterdam. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nilimweleza dereva picha ya kwetu kwa mikono, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine, na nilishangaa jinsi nilivyokumbuka rangi ya sare za wafungwa, mistari ya manjano na myeusi, kuliko sura ya mtu yeyote aliyekaa sebuleni mle.

Saa nane ilikuwa imepita. Tulimshukuru mzee, tukarudi ofisini, na sahihi haikuwa tayari bado, kwa hiyo tukakaa kwenye benchi na ubishi wetu. Dereva aliuliza: kama msalaba ule ungepaswa kuvuka Kasumbalesa leo, kihalali, na karatasi zote, ningeuandika katika sura gani ya kitabu cha ushuru? Nikasema sura ya 97, ya kazi za sanaa, vitu vya mikusanyo na vya kale, maana una zaidi ya miaka 100. Akapinga: mzee amesema ilikuwa fedha, na sarafu zina kifungu chake katika sura ya 71. Nikamjibu kwamba kwa afisa mkali itakuwa sura ya 74, shaba, ipimwe na ilipiwe kwa kilo. Mama mmoja aliyekuwa akingoja sahihi yake akaingilia kati, akasema msalaba ni msalaba, tuupeleke parokiani. Tulikuwa bado tunabishana kuhusu sura ya 71 karani alipotuita dirishani.